Ukimya wa Mhunzi: Hasira za Ji Kang na Mtumbwi Usiokuwa Mtupu

Anayetafuta msaada wa Utao, falsafa ya kale ya Kichina, akiwa na hasira huambiwa karibu jambo moja tu: nyamaza, acha yapite, kuwa kama maji. Ushauri huo si mbaya, ila haukumwokoa mmoja wa watu walioushika kwa moyo kuliko wengi. Ji Kang, mwanafalsafa na mpiga zeze wa Kichina wa karne ya 3, aliwaita Laozi na Zhuangzi, mabingwa wakuu wa falsafa hiyo, walimu wake. Aliandika juu ya madhara ya hasira mwilini, akasifiwa kwa utulivu wa uso wake, kisha akauawa hadharani akiwa na miaka 40 kwa hesabu ya Wachina. Kila nikikisoma kisa chake naona jambo lisilotarajiwa: siku aliyonyamaza ndiyo iliyomponza, na siku aliyofoka, tena kwa maandishi marefu, rafiki aliyefokewa hakwenda popote.

Kwa hiyo swali langu hapa si kama Utao unatuliza hasira. Unatuliza. Swali ni kujua ukimya upi ni utulivu na upi ni hasira iliyovaa nguo safi.

Mtu na zama zake

Ji Kang alizaliwa yapata mwaka 223 katika dola ya Wei, kaskazini mwa China, siku za Falme Tatu. Dola ilikuwa ya ukoo wa Cao, naye akaoa binti wa ukoo huo. Ndoa hiyo peke yake ilitosha kumweka pabaya. Mwaka 249 jemadari Sima Yi alinyakua madaraka kwa mapinduzi huko Luoyang, na tangu hapo akina Cao wakabaki na kiti, akina Sima wakawa na majeshi. Mwaka 260 kaizari kijana, Cao Mao, alijaribu kujikomboa akauawa na watu wa Sima Zhao, mwana wa Sima Yi. Mwaka 265 ukoo wa Sima uliacha kujificha, ukaanzisha dola ya Jin. Kila mtu mwenye elimu katika miaka hiyo alikuwa anatazamwa: yuko upande gani?

Ji Kang alikaa Shanyang, mbali kidogo na mji mkuu, pamoja na marafiki ambao baadaye waliitwa Wenye Hekima Saba wa Kichaka cha Mianzi. Walikunywa, walipiga muziki, walijadili Laozi na Zhuangzi. Yeye mwenyewe alipenda kufua chuma chini ya mti, na rafiki yake Xiang Xiu akimvukutia mivukuto. Huyo Xiang Xiu naye si mtu mdogo. Alikuwa mfafanuzi wa kitabu cha Zhuangzi.

Kuhusu hasira, Ji Kang hakuwa mgeni. Katika insha yake ya kulea uhai alisema watu hudhani kukasirika mara moja hakutoshi kuidhuru asili yao, wala kuhuzunika mara moja hakuumizi mwili, basi wanajiachia ovyo. Hao, anasema, ni kama mtu asiyeona faida ya kumwagilia shamba mara moja tu, halafu anatazamia nafaka nzuri kwenye miche iliyopigwa na ukame. Katika insha nyingine, ya muziki, alitetea kwamba sauti yenyewe haina huzuni wala furaha. Msikilizaji huja na yake, sauti inayaita tu yatoke. Ukiisogeza hoja hiyo hatua moja, tusi nalo ni sauti.

Wang Rong, aliyekuwa mdogo kuliko wote katika kundi lile, alishuhudia kwamba alikaa na Ji Kang miaka 20 bila kuona furaha wala hasira usoni pake. Ushuhuda huu husomwa kama sifa. Mimi nausoma pia kama onyo, kwa sababu uso usiobadilika miaka 20 hauwezi kumwambia mtu wa pembeni kama ndani mna amani au mna ulinzi. Barua za Ji Kang, kama tutakavyoona, zinaonyesha kwamba mlikuwa na vyote viwili.

Mgeni aliyeachwa amesimama

Zhong Hui alizaliwa mwaka 225, mwana wa Zhong Yao, waziri na bingwa wa hati za brashi. Alikuwa na akili kali, na alikuwa anapanda haraka upande wa Sima. Mkusanyiko wa visa wa karne ya 5 uitwao Shishuo Xinyu umehifadhi mikutano yake miwili na Ji Kang, na nadhani hukumu ya kesi nzima imo katika mkutano wa kwanza, ambao si mkutano hasa.

Zhong Hui alikuwa amemaliza kuandika insha juu ya kipaji na tabia ya asili. Alitaka sana Ji Kang aione. Akaitia kifuani, akaenda mpaka nyumbani kwake. Alipofika akaingiwa na hofu: je, akiulizwa maswali? Hakuthubutu kuitoa. Akairusha ndani kutoka mbali, akageuka, akakimbia.

Msomaji anaweza kucheka, na kisa kimeandikwa ili tucheke. Lakini mtu anayerusha insha yake na kukimbia si adui. Ni mtu anayemheshimu mwenzake kiasi cha kutetemeka. Anaomba asomwe, na anaogopa kusomwa. Uchungu wa Zhong Hui uliokuja baadaye ulianzia kwenye matumaini haya, na matumaini ya namna hii yakivunjika hayaachi majivu, yanaacha moto. Chuki ya mtu ambaye hajawahi kukuhusudu huchoka mapema. Ya aliyekuhusudu hukaa.

Mkutano wa pili ndio unaojulikana. Zhong Hui sasa ana cheo. Anakuja na farasi walionona, mavazi ya fahari na wafuasi wengi. Ji Kang yuko chini ya mti anafua chuma, Xiang Xiu anavukuta. Nyundo haikupumzika. Ji Kang hakusema neno, kana kwamba pale hapakuwa na mtu. Muda ukapita. Zhong Hui alipoinuka kuondoka, Ji Kang akauliza: “Umesikia nini hata ukaja? Umeona nini hata unaondoka?” Zhong Hui akajibu: “Nimekuja kwa niliyoyasikia, naondoka na niliyoyaona.”

Wasomaji wengi humshangilia Ji Kang hapa. Mwenye madaraka amepuuzwa, mhunzi ameendelea na kazi yake; picha gani ya Kitao ingependeza kuliko hiyo? Nami niliipenda. Tatizo ni lile swali la mwisho.

Katika sura ya 20 ya kitabu cha Zhuangzi kuna mfano wa mtumbwi. Mtu anavuka mto, mtumbwi mtupu unakuja kumgonga. Hata awe mwepesi wa hasira kiasi gani, hakasiriki. Lakini akimwona mtu ndani ya mtumbwi ule, atampigia kelele ageuze. Asiposikika atapiga tena, na mara ya tatu matusi yatafuata. Mgongano ni uleule. Kilichobadilika ni kwamba kwanza hapakuwa na mtu, sasa yupo. Mtu akiweza kujifanya mtupu na kutembea hivyo duniani, anauliza Zhuangzi, nani atamdhuru?

Siku hizi mfano huu hutumiwa kwa namna moja: aliyekukosea mchukulie kama mtumbwi mtupu, hasira itashuka. Unasaidia, na sina ugomvi na anayeutumia hivyo barabarani au kazini. Lakini Zhuangzi anaupeleka upande wa pili. Hasemi tu uwaone wengine watupu. Anasema wewe ndiye uwe mtupu, ili wengine wakigongana nawe wasipate mtu wa kumkasirikia. Ni kazi ngumu zaidi, na ndiyo iliyomshinda Ji Kang pale chini ya mti.

Maana mtumbwi wake ulikuwa na mtu. Kama kweli hakumwona Zhong Hui, kazi ingemmeza mpaka mwisho na mgeni angeondoka bila kuulizwa kitu. Swali lile lilifichua kwamba muda wote wa nyundo Ji Kang alikuwa anajua hasa nani amesimama, kwa muda gani, na anaumia kiasi gani. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa kimya hiki ulikuwa na anwani. Zhong Hui aliyekuja kutazama alijikuta ndiye anayetazamwa, mbele ya wafuasi wake, na mtu aliyewahi kumwogopa hadi kukimbia.

Je, angefanya nini badala yake? Kumkaribisha kwa unyenyekevu wa uongo kungekuwa unafiki, na Ji Kang hakuuweza. Lakini Zhuangzi mwenyewe ana kisa kingine, katika sura ya 2, cha mfugaji wa nyani. Aliwaambia nyani atawapa karanga pori tatu asubuhi na nne jioni, wakakasirika. Akasema basi, nne asubuhi na tatu jioni, wakafurahi. Jumla haikubadilika, naye hakupoteza kitu. Salamu moja, “subiri nimalize chuma hiki,” ingekuwa hivyohivyo. Isingemfanya Ji Kang mtu wa Sima Zhao, isingemgharimu msimamo wowote. Kilichomzuia kuitoa hakikuwa falsafa. Kilikuwa dharau, na dharau ni hasira iliyopoa.

Mlinganishe na Ruan Ji, rafiki yake wa kundi lilelile. Huyu naye hakuwa malaika. Watu wasiompendeza aliwatazama kwa weupe wa macho tu. Zhong Hui alimjia mara kadhaa akimwuliza habari za siasa, akitafuta jibu lolote la kumshtakia. Kila mara Ruan Ji alikuwa amelewa chakari. Sima Zhao alipotaka kumwozesha mwanawe binti wa Ruan Ji, Ruan Ji alilewa siku 60 mfululizo mpaka posa ikafa yenyewe. Sisifu ulevi huo. Alikufa mwaka 263, na mashairi yake yanaonyesha moyo ulioungua pole pole. Lakini kwa hoja yetu tofauti iko wazi: Zhong Hui aliondoka kwa Ruan Ji mikono mitupu, hata dharau hakupewa. Kwa Ji Kang aliondoka amebeba kitu.

Barua yenye kelele

Sasa tazama hasira iliyotoka nje.

Shan Tao, aliyezaliwa mwaka 205, alikuwa mkubwa wa kundi kwa umri. Alikuwa ameingia serikalini, na alipokuwa akihama kutoka kwenye wadhifa wa kuteua maofisa, alimpendekeza Ji Kang ashike nafasi yake. Yumkini alidhani anamkinga: mtu mwenye cheo chini ya Sima hashukiwi kama mtu anayejitenga. Ji Kang aliona kinyume. Rafiki aliyemjua kuliko wote hakuwa amemjua hata kidogo. Akaandika barua ya kukata urafiki ambayo Wachina wanaisoma mpaka leo.

Ni barua ya kufurahisha kwa namna ya ajabu. Anasema nusu mwezi unaweza kupita hajaosha uso wala nywele. Asubuhi hulala hadi mkojo umbane vibaya, ndipo aamke. Kisha anaorodhesha mambo saba asiyoweza kuyavumilia katika utumishi na mawili yasiyowezekana kabisa. Anapenda kuchelewa kuamka, mlinzi wa lango hatamwachia. Anapenda kutembea akiimba na zeze mkononi au kwenda kuvua, lakini atafuatwa na askari. Itabidi akae wima muda mrefu, naye ana chawa, anajikuna bila kukoma, halafu amevikwa joho rasmi asujudie wakubwa. Hapendi kuandika barua, na hilo analisema ndani ya barua ndefu kupindukia. Anajifananisha na paa: akishikwa mdogo hufunzwa akatii, akikamatwa mkubwa atakata kamba na kujitosa hata motoni, na umpambe kwa lijamu ya dhahabu na umlishe vinono, ndivyo atakavyozidi kuutamani msitu.

Katikati ya foko hilo kuna sentensi ambayo naona ndiyo bora kuliko zote. Anasema Ruan Ji hasemi kamwe makosa ya watu, “kila mara nimetaka kujifunza kwake, sijaweza kumfikia.” Mtu aliyekasirika, akimwandikia aliyemkasirisha, anataja udhaifu uleule utakaomwua.

Kwa nini basi barua hii haikumpotezea Ji Kang rafiki yake Shan Tao? Nadhani ni kwa sababu, pamoja na makali yake, karibu yote inamhusu mwandishi. Mimi siwezi, mimi ni mvivu, mimi nina mdomo mbaya, nimefiwa na mama na kaka, nina binti wa miaka 13 na mwana wa miaka 8, naomba tu kikombe cha pombe na wimbo mmoja kwenye zeze. Shan Tao anapigwa, ndiyo, lakini anapewa kila kitu mkononi. Hakuna kilichofichwa nyuma ya nyundo. Rafiki anaweza kuishi na hasira aliyoonyeshwa yote. Hapa Utao wa Ji Kang ulifanya kazi yake bila yeye kupanga: alikuwa wazi kama alivyo, bila kujifanya mtulivu.

Kuna bei, hata hivyo, na lazima isemwe. Katika mambo mawili yasiyowezekana, la kwanza lilikuwa kwamba yeye huwashutumu mara kwa mara wafalme Tang na Wu na kuwadharau Mtemi wa Zhou na Confucius. Tang na Wu ndio walioangusha nasaba zilizowatangulia na kusifiwa kwa haki yao ya kufanya hivyo, na Sima Zhao alikuwa mbioni kufanya jambo lilelile. Kumbukumbu za zama hizo zinasema alipopata habari ya maneno hayo alikasirika. Barua ya hasira ina msomaji aliyeandikiwa na msomaji anayeisikia kwa mbali, na Ji Kang alimfikiria wa kwanza tu.

Hasira aliyoizima ya mwenzake

Sehemu hii ndiyo inayoniudhi zaidi.

Lü An alikuwa rafiki mkubwa wa Ji Kang. Kaka yake, Lü Xun, alimnajisi mke wa Lü An. Lü An alitaka kushtaki, akamwendea Ji Kang kwanza. Yaliyofuata tunayajua kwa kalamu ya Ji Kang mwenyewe, katika barua aliyomwandikia Lü Xun baadaye: Lü An alikuwa na hasira kweli, alitaka kulitoa jambo hadharani, “nami nilimzuia sana.” Alijali jina la nyumba yao, alitaka wote wawili wabaki salama. Lü Xun aliapa kwamba hatamdhuru mdogo wake. Ji Kang akaguswa, akarudi kwa Lü An kumtuliza kwa maneno mengi, na Lü An akaachilia.

Kisha Lü Xun, akiwa na wasiwasi kwamba siri itatoka, akatangulia kushtaki kwa siri kwamba mdogo wake ni mtovu wa adabu kwa mama yao. Katika sheria na maadili ya wakati ule shtaka hilo lilikuwa zito mno. Lü An akakamatwa.

Laozi, katika sura ya 79, anasema ukisuluhisha uhasama mkubwa lazima utabaki uhasama; je, hilo laweza kuitwa jema? Ji Kang aliijua sentensi hiyo bila shaka, na bado alisuluhisha. Alichukua hekima inayomfaa mtu juu ya hasira yake mwenyewe, akaiweka juu ya hasira ya mtu mwingine iliyokuwa na dai halali. Ni kosa la kila siku la watu wapole. Hasira ya Lü An haikuwa moshi wa kupepea. Ilikuwa inaonyesha jeraha, na jeraha halikuwa lake peke yake. Mke, ambaye ndiye aliyetendewa, hatajwi hata kwa neno katika barua ile. Wanaume watatu walikubaliana yaishe, na aliyekuwa na sababu kuu ya kukasirika hakuulizwa.

Anayetumia sura ya 63 ya Laozi, ile ya kulipa uhasama kwa wema, asimamie hapa kwanza. Yule anayelipa kwa wema lazima awe ndiye mwenye kudai. Mtu wa kando hana wema wa kutoa kwa niaba yake.

Barua ya Ji Kang kwa Lü Xun ni fupi kuliko ya Shan Tao mara nyingi. Haina chawa, haina paa, haina kicheko. Inaeleza mpangilio wa mambo, kisha inasema: sasa Lü An amepata hatia, nami nimemwangusha; “kumwangusha kwangu kunatokana na wewe kuniangusha mimi.” Halafu: waungwana wa kale walipokata urafiki hawakutoa maneno machafu, kuanzia hapa tunaachana. Rafiki aliyekosea kwa nia njema alipata kurasa za kelele. Aliyemsaliti kwa makusudi alipata mistari michache bila tusi. Huu nao ni ukimya, lakini si ule wa chini ya mti. Hauchezi na aliyeandikiwa, hautaki aumie mbele ya watu. Umefunga mlango, na kabla ya kufunga umekiri sehemu yake ya kosa. Kama kuna mahali Ji Kang alifikia alichokuwa anakifundisha, ni katika mistari hii, na alifika akiwa amechelewa.

Kesi

Ji Kang alijitokeza kumtetea Lü An, akafungwa naye. Hapo Zhong Hui akapata nafasi yake. Alimwambia Sima Zhao kwamba Ji Kang ni joka lililojilaza, lisiinuliwe. Kwamba yeye Sima Zhao hana haja ya kuhofia dola, ila amhofie Ji Kang. Alidai pia kwamba Ji Kang aliwahi kutaka kuunga mkono uasi wa jemadari Guanqiu Jian dhidi ya akina Sima, ule wa mwaka 255.

Sitaki kuigeuza siasa kuwa ugomvi wa watu wawili. Mkwe wa akina Cao, mwenye jina kubwa, anayekataa vyeo na kusema ovyo juu ya Tang na Wu, huenda angeuawa hata kama angemtandikia Zhong Hui mkeka wa hariri. Lakini amri hutafuta mkono wa kuitekeleza, na mkono huu ulikuwa umeandaliwa miaka kadhaa kabla, kwa nyundo.

Gerezani aliandika shairi ambalo jina lake linazungumzia hasira iliyofichika. Anasema humo kwamba asili yake si kudhuru viumbe, lakini kila mara amevuna chuki. Na anasema anaona aibu mbele ya Sun Deng. Huyo alikuwa mkaa pweke wa milimani ambaye Ji Kang alimfuata zamani, na walipoagana Sun Deng alimwambia: kipaji chako ni kikubwa, ila njia ya kujihifadhi imekupungukia. Kwa mwanawe naye aliacha wosia wenye ushauri usiofanana kabisa na mtu aliyeandika barua kwa Shan Tao. Ukiwa kwenye karamu ya pombe ukaona watu wanabishana na mambo yanapamba moto, anasema, ondoka upesi, hiyo ni dalili ya ugomvi. Baba huyu alijua vizuri sana mahali moto unapoanzia.

Aliuawa kati ya mwaka 262 na 263 katika soko la mashariki la Luoyang. Wanafunzi 3,000 wa chuo cha kifalme waliomba aachiliwe awe mwalimu wao, walikataliwa. Alitazama kivuli cha jua, akaomba zeze, akapiga wimbo wa Guangling. Kisha akasema kuna mtu aliyewahi kumwomba amfundishe wimbo huo naye akamnyima, na sasa wimbo umekwisha. Sima Zhao, inasemekana, alijuta baadaye. Zhong Hui alikwenda kuiteka dola ya Shu mwaka 263, akaasi huko Chengdu, na mwaka 264 aliuawa na askari.

Shan Tao, tena

Kabla ya kufa Ji Kang alimwambia mwanawe, Ji Shao, aliyekuwa na miaka 10 hivi: maadamu Shan Tao yupo, wewe si yatima. Ni Shan Tao yuleyule wa barua.

Shan Tao hakulipiza ile barua wala hakuitumia kujitakasa mbele ya Sima. Alisubiri. Ji Shao alipokuwa mtu mzima, Shan Tao, sasa mkubwa katika serikali ya Jin, alimpendekeza kwa kazi. Kijana akamwuliza afanye nini, maana dola iliyokuwa inamwajiri ilisimamishwa na ukoo uliomwua baba yake. Shan Tao akajibu: “Nimekufikiria jambo hili kwa muda mrefu. Hata mbingu na ardhi zina majira manne, kupungua na kujaa, sembuse mwanadamu?” Ni jibu la Kitao kuliko lolote katika kisa hiki. Ji Shao akaingia kazini, na mwaka 304 alikufa akimkinga kaizari wa Jin kwa mwili wake. Damu yake iliruka kwenye joho la kaizari, na kaizari akakataza isifuliwe.

Msomi Gu Yanwu, aliyeishi kuanzia mwaka 1613 hadi 1682 na kuiona nasaba yake ya Ming ikianguka, alilichukia jibu la Shan Tao. Kwake lilikuwa neno tamu lililomfundisha mtoto kumsahau baba, na likaharibu maadili ya watu wengi waliolisikia. Hoja yake ina uzito: majira hubadilika yenyewe, lakini Ji Kang hakufa kwa majira, aliuawa na watu waliojulikana kwa majina.

Hata hivyo namfuata Shan Tao, kwa sababu moja ambayo Gu Yanwu hakuipa nafasi. Ji Kang alimzuia Lü An kabla mtu yeyote hajasikiliza dai lake. Shan Tao hakumwambia Ji Shao asikasirike, wala hakumwambia kwamba hakuna kilichotokea. Alingoja mpaka mwenye uchungu mwenyewe akaja na swali.